Kutoka Udongo Mweusi hadi Mawe Meusi: Barabara ya Eastleigh hadi Moyale

Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo Kayole, Njiru au Ruai, viatu huwa vizito. Udongo mweusi hunata kwenye soli na kuongezeka kila hatua, mpaka mtu asimame atafute kijiti cha kuukwangua. Jua likirudi, udongo huohuo hukauka, hujivuta na kupasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kutumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko. Mafundi wa ujenzi wa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, wanaujua vyema. Kabla ya kumwaga msingi lazima uchimbwe wote uondolewe, mpaka sururu iguse mwamba. Mwenye nyumba anayekwepa gharama hiyo huja kuona ufa umepanda ukutani kutoka chini hadi kwenye fremu ya dirisha.

Vuka upande wa magharibi na kaskazini wa jiji, kule Kileleshwa, Lavington na Muthaiga, na udongo ni mwekundu, wenye rutuba na usiotuamisha maji. Wakoloni waliijua tofauti hiyo. Vilima vyenye udongo mwekundu walijitengea wao wenyewe, na tambarare ya udongo mweusi mashariki mwa reli wakawapa wafanyakazi Waafrika: Pumwani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Kaloleni katika miaka ya 1940, nyumba za reli kule Muthurwa na Makongeni. Uhuru ulipokuja, mji uliendelea kupanuka kwenye udongo uleule, na katika miaka ya 1970 zikaja Buruburu, Umoja na Dandora. Kwa hiyo mkazi wa Eastlands anaishi tayari kwenye mpaka wa nchi mbili za udongo, hata kama hajawahi kupanda basi la masafa marefu.

Lakini akipanda, na akielekea kaskazini, atayaona mabadiliko ambayo nchi chache duniani huyakusanya kwenye barabara moja. Kutoka Eastleigh hadi Moyale, mpakani mwa Ethiopia, ni takriban kilomita 780. Ndani ya mwendo wa chini ya siku moja abiria hupita mashamba ya mananasi, mlima wenye barafu, ngano, nyanda za migunga, msitu wa ukungu katikati ya nusu jangwa, na uwanda wa mawe ambako mtu anaweza kutazama pande zote asione mti. Wengi huipita njia hii usiku wakiwa wamelala. Ni hasara kubwa. Anayeweza kusafiri mchana na afanye hivyo, na achukue kiti cha dirishani, upande wa kulia hadi Isiolo, kisha upande wa kushoto kutoka hapo. Sababu itaonekana.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kila mtu anapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Akishuka, huongezeka kwa kiasi hicho. Mwinuko huamua pia nani apate mvua. Hewa yenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, na ikikutana na mlima hulazimika kupanda. Ikipanda hupoa, na ikipoa huangusha maji. Ikishavuka ng'ambo ya mlima imebaki kavu. Udongo, miti, mifugo, umbo la nyumba, hata chakula cha mchana hotelini, vyote hufuata hesabu hiyo.

Basi hutoka Eastleigh kwa kupitia Pangani na kuingia barabara kuu ya Thika, yenye njia nane na urefu wa karibu kilomita 50, iliyozinduliwa mwaka 2012. Hapa mandhari yaliyobadilika ni yale yaliyobadilishwa na watu. Kutoka Ruiru hadi Juja, wazee wanaikumbuka mibuni iliyofika ukingoni mwa lami. Msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000 za kahawa. Siku hizi huvuna chini ya nusu ya hizo. Bei zilianguka, vyama vya ushirika vikayumba, na ardhi ikaanza kuleta faida kubwa zaidi ikiuzwa viwanja kuliko ikipandwa kahawa. Tatu City, mji mpya wa ekari 5,000 karibu na Ruiru, umejengwa juu ya lililokuwa shamba la kahawa. Ng'ambo ya Juja kuna machimbo ya Ndarugo, ambako mawe ya ujenzi hukatwa kwa mashine na kupakiwa malori usiku na mchana. Ghorofa nyingi za Kayole, Umoja na Pipeline zilitoka kwenye mashimo hayo, na mkazi wa huko akiyatazama kutoka dirishani anatazama mahali ukuta wa chumba chake ulipokuwa kabla haujawa ukuta.

Thika hupitwa haraka. Baada yake mashamba ya mananasi hujitandaza pande zote mbili, mistari ya kijivu-kijani inayofuata mikunjo ya ardhi, kisha yanafuata Makuyu na Sagana. Magharibi, nyuma ya vilima vya Murang'a, kuna bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, ambalo ndilo chanzo kikuu cha maji ya Nairobi. Bwawa halionekani kutoka barabarani, ila mito inayovukwa na basi moja baada ya nyingine ni ndugu za mito inayolijaza. Mvua zikichelewa kwenye miteremko hiyo ya Aberdare, mgao wa maji huongezwa Umoja na Donholm, na mikokoteni ya mitungi huanza kuzunguka mitaani.

Karibu na Sagana kuna njia panda. Kulia ni Mwea, Embu na Meru. Kushoto ni Karatina, Naro Moru na Nanyuki. Zote mbili hufika Isiolo kwa kuuzunguka Mlima Kenya, moja upande wa mashariki na nyingine upande wa magharibi, na tofauti ya njia hizo mbili ndiyo somo lenyewe la mlima. Upande wa kusini mashariki hupokea pepo za bahari zikiwa bado zimejaa maji. Kuna sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ndiyo maana kuna mpunga wa Mwea, majani chai na kahawa, na miraa ya vilima vya Nyambene inayofika Eastleigh kila siku kwa magari ya mwendo wa kasi. Upande wa magharibi na kaskazini hupata mabaki. Msafiri anayefuata Karatina na Nanyuki huuona ukame ukikaribia taratibu: kwanza mashamba madogo ya mteremkoni, migomba, nyumba za mbao na ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa wanaolishwa zizini, halafu, baada ya Kiganjo, ardhi inalala, mashamba yanakuwa makubwa, nyasi inageuka rangi ya majani makavu.

Na hapo kulia, ikiwa asubuhi haina mawingu, mlima wenyewe hujitokeza. Kilele cha Batian kina mita 5,199. Mlima ulianza kujengeka kwa volkeno kama miaka milioni tatu iliyopita, na wataalamu wanaamini ulikuwa mrefu zaidi kabla ya kuliwa na barafu na mvua. Vilele vinavyoonekana leo ni kiini kigumu cha volkeno kilichobaki baada ya nyama yake kuondoka. Mtafiti Mwingereza Halford Mackinder alipokifikia kilele cha Batian mwaka 1899, mlima ulikuwa na mito ya barafu 18 iliyotambuliwa. Mingi kati ya hiyo imekwisha. Mto wa barafu wa Lewis, uliopimwa kwa muda mrefu kuliko mingine yote, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Mtu wa miaka 60 aliyekuwa akipita Naro Moru na baba yake utotoni anaweza kuionyesha kwa kidole sehemu iliyokuwa nyeupe.

Watu husema barafu ikiisha mito itakauka. Ukweli una tabaka zaidi ya moja. Sehemu kubwa ya maji ya mlimani hutoka kwa mvua inayonyonywa na msitu na kuachiliwa kidogo kidogo, kwa hiyo msumeno unaokata mti mlimani unatisha zaidi kuliko kilele kilichobaki kitupu. Jambo hili lina uzito kwa safari iliyobaki, kwa sababu mito ya Naro Moru, Burguret, Nanyuki na Timau, ambayo basi huivuka kwenye madaraja mafupi bila abiria kuinua kichwa, yote inateremka kaskazini kuungana na Ewaso Ng'iro. Mito hiyo midogo ndiyo uhai wa nchi kavu iliyo mbele.

Nanyuki basi huvuka ikweta, pale penye kibao ambacho watalii hupigia picha. Kisha barabara hukata kuelekea mashariki na kupanda. Timau ni mshangao. Mtu aliyetoka Eastleigh na fulana hufunga dirisha. Mwinuko hapa ni zaidi ya mita 2,300, na mashamba ya ngano na shayiri yanashuka kutoka ukingo wa msitu hadi barabarani bila ua wala kijiji katikati. Karibu nayo yametandazwa mabanda ya plastiki ya waridi linalopelekwa Ulaya kwa ndege. Viazi vya eneo hili huuzwa Nairobi, na vingi huishia kwenye karai za chipsi za Jogoo Road na Kariobangi. Sehemu moja barabara inapita juu ya daraja ambalo chini yake hakuna mto. Lilijengwa kwa ajili ya ndovu. Njia ya ndovu kati ya hifadhi ya Lewa na msitu wa Mlima Kenya ilikatwa na lami na mashamba, na mwaka 2011 ukafunguliwa mpito wa kwanza wa aina yake barani Afrika. Ndovu wa kwanza walipita siku chache tu baadaye, na hadi leo wanyama huenda na kurudi chini ya magurudumu ya mabasi ya Moyale.

Makutano ya Subuiga ndipo nchi inapovunjika. Barabara ya Meru inaendelea mbele. Ya Isiolo inakunja kushoto na kuanza kuteremka. Kwa muda mfupi, pengine nusu saa, basi hupoteza zaidi ya mita 1,000 za mwinuko. Masikio huziba. Masweta huvuliwa. Ngano hukoma, kisha msonobari hukoma, kisha nyasi ndefu, na mahali pake panaingia migunga mifupi, mawe, na udongo wa rangi ya matofali. Kutoka kona za juu msafiri huiona kaskazini yote imelala chini yake, uwanda wenye rangi ya vumbi na milima iliyosimama moja moja, hadi pale ambapo joto linafuta mstari wa upeo. Ni miteremko michache ya basi nchini Kenya inayobadilisha mambo mengi hivi kwa wakati mfupi hivi.

Mji wa Isiolo, kwenye mita 1,100 hivi, umekuwa lango kwa muda mrefu. Serikali ya kikoloni iliifunga kaskazini kwa sheria ya mwaka 1902 na kudai kibali kwa anayeingia na anayetoka. Baada ya uhuru vita vya Shifta, vya 1963 hadi 1967, viliendeleza kufungwa huko kwa njia nyingine. Kizuizi cha polisi kilibaki Isiolo miaka mingi, na lami nayo iliishia hapo. Wenyeji wa Marsabit na Moyale waliokuwa wakisafiri kusini walizoea kusema wanakwenda Kenya. Walimaanisha hivyo hasa.

Isiolo ndipo unapoonekana uzi unaoufunga mji huu na Eastlands. Asubuhi, wanawake wafugaji na wachuuzi hukusanya maziwa ya ngamia yaliyokamuliwa alfajiri katika maboma ya nje ya mji. Huletwa kwa pikipiki katika mitungi ya plastiki ya lita 10 na 20, ambayo ndani imefukizwa moshi wa miti maalumu ili maziwa yasiharibike upesi. Moshi huo huyapa ladha ambayo mnywaji wa mara ya kwanza huishangaa na mzoefu huitafuta. Mchuuzi huonja kila mtungi kwa kumimina kidogo kwenye kifuniko, kwa kuwa mmoja uliochacha ukichanganywa na mingine huharibu yote. Ushirika wa wanawake wa Anolei umeifanya biashara hii kwa miaka mingi, ukipoza maziwa kwenye friji kubwa na kuyapakia mabasi ya Nairobi. Jioni yanakuwa yameshafika Eastleigh, yanauzwa kwa kikombe katika hoteli, au yanamiminwa kwenye chai. Mteja anayekunywa hapo Eastleigh, Section Three, anakunywa majani ya migunga ya Isiolo.

Baada ya mji lami inanyooka. Kilomita 136 za kwanza, kutoka Isiolo hadi mto Merille, zilianza kutengenezwa mwaka 2007 na kukamilika mwaka 2011; sehemu zilizobaki zilifuata, na kufikia 2017 gari dogo liliweza kwenda Moyale bila kugusa changarawe. Kabla ya hapo safari ilichukua siku mbili au tatu, wakati mwingine zaidi mvua ikinyesha. Magari yalikwenda kwa msafara yakilindwa na askari wenye bunduki kwa hofu ya majambazi. Wengi walisafiri juu ya malori ya mifugo, wameketi kwenye vyuma vya juu na mbuzi chini yao, wamejifunga leso usoni. Vijana wa Eastleigh wenye asili ya Borana na Burji wamelelewa na hadithi za safari hizo, na mama zao wanazo alama za magotini za kuzithibitisha.

Archer's Post ni daraja la Ewaso Ng'iro. Kingo zina mikoma, mitende ya porini inayogawanyika matawi, na pande zote mbili za mto ni mbuga za Samburu na Buffalo Springs, makao ya swala twiga, choroa na punda milia wa Grevy mwenye milia myembamba. Mto wenyewe ni wa kahawia na hauna adabu ya kudumu. Mashamba ya Timau na Nanyuki yanaposukuma maji kwa pampu wakati wa kiangazi, hapa chini hupungua. Mwaka 2009 ulikauka kwa masafa marefu, ng'ombe na ndovu wakachimba mchanga kwa kwato na mikonga. Miezi michache baadaye, Machi 2010, mafuriko ya ghafla yaliyotokana na mvua ya nyanda za juu yalizoa kambi za watalii ndani ya mbuga. Watu wa Archer's Post hawakuwa wameona tone. Wao hupokea hali ya hewa ya wengine.

Kutoka hapo mlima Ololokwe hutawala upande wa kushoto kwa muda mrefu. Ni ukuta wa mwamba wenye kilele tambarare, unaobadilika kutoka kijivu hadi rangi ya waridi jua likishuka, na tumbusi huzaliana kwenye majabali yake. Wasamburu huuheshimu mlima huu na hupandisha mifugo juu yake malisho yakiisha bondeni. Haukutokana na volkeno. Ni mwamba wa kale sana, ulioiva chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita na kubaki umesimama baada ya kila kitu kilichouzunguka kumomonyoka. Mlima Kenya mbele yake ni mtoto wa jana.

Laisamis, Log Logo, jangwa la Kaisut. Saa nzima ya mchanga mwekundu, vichaka vilivyopinda, na ngamia wanaotembea kwa mstari. Nyumba za Warendile ni nusu duara za fito zilizofunikwa mikeka na ngozi. Hubomolewa, hufungwa juu ya ngamia na kusimamishwa kwingine. Fito zilizopinda za paa huonekana zikichungulia pande mbili za nundu pale familia inapohama. Kwa nchi ambayo mvua haijulikani itanyesha wapi, hiyo ndiyo nyumba yenye akili.

Halafu, bila ya kutarajiwa, basi huanza kupanda tena. Hewa inapoa, majani yanarudi, na ghafla kuna mahindi. Mlima Marsabit una mita 1,707 tu, ila umesimama peke yake katikati ya nchi kavu, na hilo linatosha. Hewa ya Bahari ya Hindi huvuka mamia ya kilomita za tambarare bila kukuta kizuizi. Huu ndio wa kwanza. Usiku inapanda mteremko, inapoa, inakuwa ukungu. Alfajiri msitu wa juu huwa umelowa hata kama hakuna mvua iliyonyesha: matone yanashika kwenye ndevu za kijani zinazoning'inia matawini, yanajikusanya, yanadondoka, na chini ya miti ardhi inalowa pale tu kivuli kinapofika. Kata miti hiyo na maji yataendelea kupita angani bila kumwona yeyote. Wenyeji wa mji wa Marsabit, wanaotegemea chemchemi za msitu huo, wanajua kwamba kila mzigo wa kuni unaotoka ndani unapunguza ndoo mahali fulani.

Ndani ya msitu kuna kasoko za volkeno, baadhi zikiwa na maziwa. Lililo maarufu zaidi, Ziwa Paradise, liliwavutia wapiga picha Wamarekani Martin na Osa Johnson, waliopiga kambi hapo katika miaka ya 1920 na kulitangaza duniani kwa filamu zao. Miaka ya ukame mkali hugeuka nyasi. Huku pia ndiko alikoishi ndovu Ahmed, mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alimweka chini ya ulinzi maalumu wa amri ya rais, akawa na walinzi usiku na mchana hadi alipokufa mwaka 1974. Mtoto wa Eastlands aliyewahi kupelekwa na shule kwenye jumba la makumbusho la Nairobi amesimama chini ya sanamu yake yenye ukubwa wa ndovu kamili. Wachache huambiwa alitoka kwenye msitu ambao basi huupita ukingoni.

Pembezoni mwa mlima Waborana huchota maji kwenye visima virefu vilivyochimbwa kwa mikono. Wanaume husimama mmoja juu ya mwenzake kwenye vidato vya ukuta na kurushiana ndoo kutoka kilindini hadi kwenye birika la mifugo, wakiimba ili mikono iende pamoja. Ng'ombe huitambua sauti ya watu wao na kusogea.

Ukishuka Marsabit kuelekea kaskazini, upepo unashika basi ubavuni. Una sababu yake. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna njia nyembamba ya bonde, na upepo kutoka kusini mashariki ukifika hapo hubanwa na kuongeza kasi. Hewa inayokimbia hivyo chini chini haipandi kutengeneza mawingu, na ndiyo sababu mojawapo ya kaskazini kuwa kavu kiasi hiki ilhali iko karibu na ikweta. Upepo huohuo, ukifika upande wa Ziwa Turkana, huzungusha mitambo 365 iliyojengwa Sarima, ndani ya kaunti hii ya Marsabit, na tangu 2018 umeme wake umeingia kwenye gridi ya taifa. Taa ya ngazi kule Buruburu ina sehemu yake humo. Vijiji vingi vilivyo chini ya upepo wenyewe bado vinatumia tochi, na hilo ni deni ambalo taifa halijalipa.

Kisha Dida Galgalu. Hapa mwandishi yeyote hupungukiwa, kwa sababu hakuna kitu cha kushika. Ni uwanda wa mawe meusi ya lava, mengi yakiwa na ukubwa wa kichwa cha mtu, yamelainishwa na upepo na mchanga, yametandazwa karibu-karibu kana kwamba kuna aliyeyapanga kwa mkono. Basi likisimama na mtu akashuka na kuliinua moja, chini yake atakuta udongo mwekundu laini, mkavu, wenye alama ya umbo la jiwe lile. Mchana jiwe haliwezi kushikwa kwa muda. Mvua hapa ni chini ya milimita 300 kwa mwaka mzuri. Hata hivyo zikinyesha siku chache tu, nyasi nyembamba huchomoza katikati ya mawe na uwanda wote huwa na kivuli cha kijani, na Wagabra huteremsha mifugo wakijua wana wiki chache.

Ndiyo maana mvua iliyokosekana hapa huhesabiwa Nairobi. Kiamaiko, pembeni mwa Huruma, ni soko na machinjio ya mbuzi ambayo kwa sehemu kubwa huendeshwa na wafanyabiashara wenye asili ya kaskazini, na malori yanayoshusha mbuzi hapo alfajiri yamepita Turbi, Bubisa na Marsabit usiku. Kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, jambo ambalo kizazi hiki hakikuwa kimeliona, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa nchini. Kando ya barabara hii mizoga ilirundikwa ili ichomwe. Kule Kiamaiko mbuzi walifika wembamba, halafu wakafika wachache, halafu bei ikapanda mpaka mama lishe wakapunguza vipande kwenye sahani. Mvua iliporudi, ilirudi kwa nguvu: mwishoni mwa 2023 mafuriko yalikata barabara kaskazini, na Aprili 2024 mto Mathare ukabeba nyumba na watu katikati ya Eastlands.

Malisho na maji yakipungua, watu hugombana. Tarehe 12 Julai 2005 washambuliaji waliivamia Turbi, kijiji kidogo kando ya barabara hii, na kuua watu zaidi ya 50, wakiwemo wanafunzi wa shule ya msingi. Aprili 2006 ndege ya kijeshi iliyowabeba viongozi waliokuwa wakienda Marsabit kuhimiza amani ilianguka karibu na mji huo. Waliokufa ni 14, miongoni mwao wabunge wa eneo hilo akiwemo Bonaya Godana, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Abiria wazee hunyamaza basi likipita Turbi. Lami imeleta kituo cha polisi, simu na soko, na madereva wanasema hofu imepungua sana.

Vilima hurudi kuelekea Sololo na Moyale, na udongo unakuwa mwekundu tena. Mji wa mpakani umejengwa kwenye mteremko, nusu yake Kenya na nusu Ethiopia, na kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Desemba 2020 na Rais Uhuru Kenyatta na Waziri Mkuu Abiy Ahmed. Wafanyabiashara wa Eastleigh hushuka hapa na mifuko mitupu, hununua maharagwe, viungo na nguo zilizotengenezwa Ethiopia, na kuanza kutafuta nafasi kwenye basi la kurudi. Malori yanayoendelea mbele hubadilisha upande wa barabara langoni, maana Ethiopia huendesha kulia, na yana takriban kilomita 770 nyingine hadi Addis Ababa. Lami inaanza kupanda tena kuelekea Yabelo, joto linapungua, na hatimaye yanatokea mashamba ya kahawa.